Pua ya Samoni na Sheria ya Breki

Kwa muda mrefu mto ulihukumiwa kwa mizoga: samaki wakielea matumbo juu, maji yana sumu; wasipoelea, maji ni salama. Historia ya samoni wa jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, inaonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Samaki anaweza kuonekana mzima kabisa ilhali amepoteza uwezo wa kunusa, na bila huo hurudi kwao kwa kubahatisha na hamtambui adui mapema.

Ushahidi mmoja ulitoka Issaquah, mji mdogo ulio mashariki ya Seattle. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi kutaga mayai katika kijito alikozaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arthur Hasler na Warren Wisby wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwanasa samoni katika vijito viwili vinavyokutana hapo, wakawaziba nusu yao tundu za pua kwa pamba, kisha wakawaachilia wote chini ya makutano. Wengi wa wale wenye pua wazi walipanda tena kijito chao. Waliozibwa walikosea njia mara nyingi zaidi. Yupo atakayesema kwamba pamba yenyewe iliwatesa hata wakachanganyikiwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini ilijibiwa miaka ya 1970 katika Ziwa Michigan: samoni wachanga walizoeshwa harufu ya kemikali iitwayo mofolini, na walipokomaa walifuata kijito kilichotiwa mofolini, bila pua zao kuguswa.

Pua hiyo pia ni mlinzi. Mwaka 1938 Karl von Frisch alieleza kwamba ngozi ya samaki mdogo ikijeruhiwa hutoa kitu majini, na wenzake wakikinusa hutimua mbio. Hapo ndipo shaba inapoleta maafa. Breki za magari zikisuguana hutoa vumbi lenye shaba, na mvua hulisomba hadi vijitoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba nyongeza ya mikrogramu 2 hadi 3 tu za shaba katika lita ya maji hudhoofisha pua ya samoni mchanga ndani ya dakika chache. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba samoni kama hao hawashtuki wanaponusa ngozi iliyojeruhiwa, na huliwa kwa urahisi zaidi.

Wapo wanaojibu kwamba seli za pua ya samaki huota upya. Ni kweli, lakini adui hangoji pua ipone. Wengine hutaja mabwawa, uvuvi wa kupindukia, na kemikali ya matairi iliyogunduliwa mwaka 2020 kuwa ndiyo inayowaua samoni waliokomaa katika vijito vya mijini. Hayo nayo ni kweli, ila hayaifuti hatia ya shaba; yanaongeza tu mzigo kwa samaki yuleyule.

Mwaka 2010 jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kupunguza shaba katika breki, na tangu 2021 pedi mpya haziruhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 5. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Kila nchi inayopima usafi wa mito yake na ipime pia kama samaki wake bado wananusa.