Jaji Mkuu Aliyechukuliwa Akiwa Kazini

Septemba 1972 lilifika mbele ya Jaji Mkuu wa Uganda ombi la mawakili wa Daniel Stewart, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa akishikiliwa na wanajeshi. Lilikuwa ombi la siku zote mahakamani: anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze anamshikilia kwa sheria ipi. Jaji Mkuu, Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka, aliona kwamba jeshi halikuwa na haki ya kumweka yule mtu ndani, akaamuru aachiwe.

Mwezi wenyewe ulikuwa mbaya. Agosti mtawala wa kijeshi Idi Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 wawe wameihama nchi. Tarehe 17 Septemba wapiganaji wa Milton Obote, Rais aliyepinduliwa, walivuka mpaka kutoka Tanzania kuelekea Mbarara na Masaka, wakashindwa, na kuanzia hapo yeyote aliyewahi kuwa na jina katika siasa alihesabiwa kuwa adui. Siku nne baadaye, asubuhi ya Alhamisi tarehe 21, watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini kwake na kuondoka naye. Hakuonekana tena. Alikuwa na umri wa miaka 50. Mwili wake haujapatikana mpaka leo, kwa hiyo jamaa zake hawana kaburi la kwenda kupalilia.

Wengi wakimtaja Kiwanuka huanza na siasa, na si ajabu. Alizaliwa Mei 1922 huko Buddu, upande wa Masaka, katika familia ya Kikatoliki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la Waingereza, na aliporudi alifanya kazi mahakamani kabla ya kwenda kusoma Lesotho, iliyoitwa Basutoland wakati huo, kisha sheria London. Alirudi mwaka 1956 akiwa wakili, na miaka miwili baadaye akawa rais wa chama cha Democratic Party, DP, ambacho wito wake ulikuwa ukweli na haki.

Hapo ndipo alipogongana na kwao. Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, iliwaamuru Waganda wasusie uchaguzi wa Machi 1961. Kiwanuka, Mganda tena mtu wa kawaida asiye wa ukoo wa kifalme, alikataa kususia. Wachache waliojitokeza Buganda waliipa DP viti 20 kati ya 21 vya eneo hilo, na chama chake kikaunda serikali ijapokuwa chama cha UPC cha Obote kilikuwa na kura nyingi zaidi nchini kote. Tarehe 1 Machi 1962 Uganda ilipopata serikali ya ndani, yeye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wake wa kwanza. Mengo haikumsamehe. Chama cha Kabaka Yekka kiliungana na UPC, wabunge wa Buganda wakateuliwa na Lukiiko, baraza la Buganda, badala ya kupigiwa kura na wananchi, na uchaguzi wa Aprili ukamtoa madarakani. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba, Waziri Mkuu alikuwa Obote. Obote huyohuyo alimweka kizuizini mwaka 1969.

Ninaamini kipimo cha mtu huyu hakimo katika miezi ile miwili ya uwaziri mkuu. Kimo katika miezi kumi na mitano ya mwisho. Mwanzoni mwa 1971 Amin, akiwa ametoka kumpindua Obote, aliwafungulia mahabusi wa kisiasa, Kiwanuka akiwa mmoja wao. Juni mwaka huohuo alimteua kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza na raia wa kwanza wa Uganda kukikalia kiti hicho. Kabla yake walikikalia wageni, akiwamo Udo Udoma wa Nigeria kuanzia 1963 hadi 1969.

Wapo wanaomlaumu kwa kuupokea uteuzi kutoka kwenye mkono wa mwanajeshi. Lawama hiyo naielewa, lakini siikubali. Siku zile watu walicheza ngoma mitaani Kampala kwa sababu Obote ameondoka, na mtu aliyetolewa kizuizini ana haki ya kutumaini. La kutazama ni alichokifanya baada ya kula kiapo. Angeweza kulipa fadhila. Kesi ya Stewart ilipomfikia angeweza kuiahirisha, au kumwachia jaji mwingine, au kutafuta kipengele cha kujifichia, na hakuna ambaye angemuuliza. Alikuwa anamjua Amin, na alijua jeshi lina nini mkononi. Aliisoma sheria, akaitamka, tena kwa faida ya mgeni asiye na kura wala ukoo nchini.

Waliomfuata njia ile walikuwa wengi. Wiki chache baadaye alipotea Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Leo mtaa wa Ben Kiwanuka na mtaa wa Luwum hukutana katikati ya Kampala, karibu na stendi ya zamani ya teksi, katikati ya maduka ya jumla na bodaboda, na maelfu huyataja majina hayo kila siku wakielekeza abiria au mizigo.

Tangu 2018 idara ya mahakama humkumbuka kila mwaka kwa mhadhara wa heshima. Nafurahi kwamba upo, ila swali alilolijibu Kiwanuka, la mipaka ya jeshi juu ya raia, bado halijafungwa. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina uwezo wa kuwahukumu raia, na ikaagiza kesi zao zihamishiwe mahakama za kawaida. Mei mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria inayowarudisha baadhi ya raia mbele ya mahakama za jeshi, na Juni Rais Museveni akaitia saini. Majaji wanaoletewa kesi za kuipinga sheria hiyo wanakalia viti vya idara ileile aliyoiongoza Kiwanuka.