Nirushie: gemu za watu wadogo zilitembeaje?



Juzi nilimkuta mtoto wa kama miaka kumi anacheza gemu kwenye simu iliyopasuka kioo. Nikaijua mara moja. Ni ya rafiki yangu, aliitengeneza usiku kwa usiku kwenye laptop ya kuazima, na mimi nilikuwa pembeni namshikia tochi. Nikamuuliza mtoto, hii gemu ni ya nani? Akajibu bila kuinua macho: "Sijue, kaka, walinirushia tu."

Nilifurahi na nikaumia pale pale. Gemu imefika mbali kuliko tulivyodhani, ila jina la mwenyewe limebaki njiani. Basi wiki hii nimechimba historia: mtu asiye na pesa ya matangazo, watu waliijuaje gemu yake?

Tuanzie Texas, 1979. Richard Garriott alikuwa kijana wa sekondari, likizo anafanya kazi kwenye duka la kompyuta. Alikuwa ameandika gemu inaitwa Akalabeth, ya kujifurahisha tu. Mwenye duka akaiona, akamwambia: hii iuze. Kijana akanakili diski, akazitia kwenye vifuko vya plastiki, vile vya kufungia chakula, na karatasi ya mbele yenye mchoro wa mama yake. Akazitundika ukutani dukani. Zilinunuliwa chache sana. Lakini nakala moja ikafika kwa kampuni ya California, nayo ikaichapisha: karibu nakala 30,000, na yeye akipata dola 5 kwa kila moja. Hakuna tangazo hata moja alilolipia. Nakala moja tu ilipita mikononi mwa mtu sahihi.

Sasa, si kila mtu ana mwenye duka wa kumwonea huruma. Miaka hiyo wengi walikuwa wanagawa programu zao bure, wameandika ndani: ukiipenda, nitumie pesa. Unajua mwenyewe watu walifanya nini. Mwaka 1987 Scott Miller, naye wa Texas, akabadilisha ujanja. Gemu yake ya Kingdom of Kroz aliikata vipande. Kipande cha kwanza bure, nakili, mpe jirani, mpe shemeji. Ukitaka kujua kinachofuata, lipa. Mi naona huyu jamaa ndiye aliyeelewa jambo ambalo sisi wa kurushiana tunalijua kwa vitendo: kunakili ndilo tangazo lenyewe.

Waliolifikisha mbali ni vijana wa id Software. Tarehe 10 Desemba 1993 walitoa Doom, na hawakuipeleka dukani kwanza. Sehemu ya kwanza waliipandisha kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, mtu yeyote aichukue. Watu walikuwa wameshajaa kwenye ile seva wakisubiri, mpaka wenye gemu wenyewe wakakosa nafasi ya kuingia kuiweka! Ilipoingia, seva ikazidiwa ikaanguka. Kuanzia hapo ikatembea kwa simu za mezani na kwa diski, ofisi kwa ofisi, bweni kwa bweni. Wenye maduka nao waliambiwa: uzeni diski ya sehemu ya kwanza kwa bei mnayotaka, pesa yote yenu, sisi hatudai. Kila mwenye duka akageuka mtangazaji wao, tena kwa faida yake mwenyewe. Na ndani ya ile sehemu ya bure kulikuwa na maelezo ya jinsi ya kuagiza zilizobaki. Hilo nitalirudia.

Minecraft nitaipita haraka. Mwaka 2009 Markus Persson aliitoa ikiwa haijakamilika, akawa anaiboresha mbele ya macho ya wateja, nao wakawa wasemaji wake. Kufika Januari 2011, nakala milioni moja zimeuzwa.

Turudi huku kwetu sasa, kaskazini mwa Uganda, upande wa Adjumani. Lual Mayen alizaliwa njiani, wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia kambini. Kompyuta aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 2007, mahali pa kuandikisha wakimbizi. Akamwambia mama yake anaitaka. Hebu fikiria kusema hivyo kwa mama anayepanga foleni ya posho. Mama hakucheka. Aliweka akiba miaka mitatu mpaka zikafika dola 300, akamletea laptop. Umeme ulikuwa mbali, masaa matatu kwa miguu. Kijana akawa anatembea kwenda kuchaji na kujifunza.

Mwaka 2016 akawa na gemu, Salaam, yaani amani. Katika gemu nyingi tunazocheza unapata pointi kwa kuua, yeye akatengeneza ya kulinda. Halafu likaja swali letu lile lile: watu wataipataje? Kambini hakuna MB za kuchezea. Akairusha kwa Bluetooth. Simu moja hadi nyingine, kama diski za Doom, ila hizi zilienda kwa waliokaa chini ya mti mmoja. Ili ivuke mpaka wa kambi akaiweka Facebook, na huko watengenezaji wa nje wakaiona. Akaalikwa Afrika Kusini kwenye tamasha la gemu za kujitegemea, akakutana uso kwa uso na watu wa kazi hiyo. Baadaye akahamia Washington, akafungua kampuni yake, Junub Games. Desemba 2018 akatambuliwa jukwaani kwenye The Game Awards, Los Angeles. Toleo jipya la Salaam likawa la mtu anayekimbia vita: mhusika akihitaji maji, chakula au dawa, mchezaji analipa pesa ya kweli, na sehemu inakwenda kusaidia wakimbizi.

Hadithi hii tumeisikia kwenye semina nyingi, na huwa inasimuliwa kana kwamba njia aliyopita bado iko wazi. Mi naona imebana. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Ilipofika Julai 2021 ikaja asilimia 12 kwenye data badala yake. Januari 2021, siku za uchaguzi, Facebook yenyewe ikafungwa, tukawa watu wa VPN. Na huko nje foleni imekuwa ndefu: mwaka 2023 pekee Steam ilipokea gemu mpya zaidi ya 14,000. Kuingiza gemu moja pale ni dola 100. Google Play ni dola 25 mara moja, na kadi ya benki. Nani kati yetu ana kadi?

Kuna kitu kingine kinanikera, na wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma mnisamehe. Ukisoma habari za Mayen, utajua mama yake aliweka akiba miaka mingapi. Jinsi gemu inavyochezwa utaambiwa mstari mmoja, ukibahatika. Kinachouzwa ni mkimbizi, gemu inakuwa kama cheti chake. Kwetu pia ilitokea. Walikuja watu wa shirika fulani, wakampiga picha rafiki yangu ameinamia laptop. Ikabandikwa kwenye bango zuri: vijana wakimbizi na teknolojia. Jina la gemu hakuna, pa kuipata hakuna. Nembo zilikuwa tatu. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Ila tangazo lile lilikuwa la nani?

Mayen aliijua njia ya kuigeuza: hadithi ya maisha yake aliiingiza ndani ya gemu yenyewe, ukitaka hadithi lazima ucheze. Na wale wa Doom walihakikisha kila nakala ya bure, hata ikiibwa mara ishirini, imebeba anwani ya kurudia nyumbani. Gemu ya rafiki yangu haikubeba chochote. Ukiifungua inaanza kukimbia moja kwa moja. Faili lilikuwa linaitwa "gemu mpya 2", bana.

Jana jioni tuliazima tena ile laptop. Kwenye skrini ya kwanza ameweka jina lake, jina la kundi letu na namba ya WhatsApp. Ameikata pia: hatua tano za kwanza bure, zilizobaki unamwandikia, anakurushia kwa shilingi 1,000 ya mobile money. Ukubwa ni MB 18, Bluetooth inaimudu. Tumeanza na simu sita zilizokuwa kwenye chaji hapa kibandani, wenyewe wakiwepo na wamekubali. Yule mtoto nilimtafuta nimpe toleo jipya. Akaniuliza kama hatua zake zitafutika, maana amefika ya tisa. Zilifutika. Amekasirika mpaka leo, lakini namba ameiona, maana asubuhi tumepata ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini akidai zirudishwe.