Jeni Moja na Michikichi Minne: Historia Fupi ya Mchikichi Chotara

Babu yangu, mkulima wa mawese karibu na Kisangani, aliwahi kuokota chikichi chini ya michikichi ya shamba kubwa la kampuni, akazipanda akitumaini mavuno yaleyale. Baada ya miaka, baadhi ya miti ilizaa kokwa zenye ganda nene, na mingine ilitoa mikungu iliyooza kabla ya kuiva. Alidhani amerogwa. Katika insha hii ninaonyesha kwamba jibu lake lilikuwapo Yangambi, kama kilomita 100 kutoka Kisangani, tangu mwaka 1941.

Mwaka huo Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa taasisi ya kikoloni ya INEAC, walichapisha ugunduzi kwamba unene wa ganda hutawaliwa na jeni moja. Mchikichi aina ya dura una ganda nene. Pisifera hauna ganda, lakini kwa kawaida mikungu yake huharibika. Ukiichanganya aina hizo mbili, watoto wote huwa tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, na mafuta yanayozidi ya dura kwa takriban asilimia 30. Lakini tenera kwa tenera huzaa robo dura, nusu tenera na robo pisifera. Hayo ndiyo yaliyompata babu.

Upande wa Asia, historia ilianza na miche minne tu, iliyopandwa katika bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848. Uzao wake, dura wa Deli, ulienea Sumatra na Malaya. Deli huzaa mikungu michache mizito. Michikichi mingi ya Afrika huzaa mikungu mingi midogo. Pande hizo zilipochanganywa, mavuno ya jumla yaliongezeka. Hiyo ndiyo nguvu ya uchotara, nayo hutokana na tofauti kati ya wazazi.

Mara nyingi tunaeleza ushindi wa Asia kwa mtaji na mpangilio mzuri wa mashamba. Sikatai, ila naona maelezo hayo yanasahau mbegu. Ukoo wa miti minne haungefika mbali bila jeni za Afrika. Kwa hiyo tunapokata michikichi ya porini kwa kuiona haina faida, tunapunguza akiba ambayo wafugaji wa mbegu watairudia kesho. Na maarifa yakibaki kituoni, mkulima ataendelea kuokota chikichi na kumlaumu jirani.