Tezi ya thairoidi: Kemikali ya uhai inapogeuka chanzo cha vinundu

Vinundu katika tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo, huwapata watu wengi duniani, na wengi wao huishi navyo bila kujua. Vingi havina madhara, lakini vichache huwa saratani.

Utafiti wa miongo ya karibuni umebainisha kuwa sehemu ya chanzo chake imo katika kazi ya tezi yenyewe. Ili itengeneze homoni, tezi hiyo hulazimika kuzalisha kemikali kali ambayo, isipodhibitiwa, huzijeruhi seli zake.

Kazi ya tezi

Thairoidi ina umbo la kipepeo, na kwa mtu mzima huwa na uzito wa takriban gramu 20. Homoni zake huongoza kasi ambayo mwili hutumia chakula, mapigo ya moyo, joto la mwili na, kwa mtoto, ukuaji wa ubongo.

Malighafi yake kuu ni iodini, ambayo nchini Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la madini joto. Hupatikana katika samaki wa baharini na katika chumvi iliyoongezwa madini hayo. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito mikrogramu 250.

Hata hivyo, iodini haigeuki homoni yenyewe. Seli za tezi huzalisha haidrojeni peroksaidi, kemikali ile ile itumiwayo kusafishia vidonda na kubadilishia rangi ya nywele. Kwa nguvu ya kemikali hiyo, kimeng'enya maalumu huiunganisha iodini na protini, na hapo homoni hupatikana.

Kazi hiyo hufanyika ukingoni mwa seli, mbali na kiini chenye vinasaba. Aidha, seli zina vimeng'enya vingine vya kuzima mabaki ya kemikali hiyo. Baadhi yake huhitaji madini ya seleniamu, na ndiyo maana kila gramu ya thairoidi ina seleniamu nyingi kuliko kiungo kingine chochote cha mwili.

Ulinzi unapozidiwa

Kemikali za aina hiyo, zitokanazo na oksijeni, zikizidi uwezo wa seli wa kuzizima, hutokea hali ambayo wanasayansi huiita mkazo wa oksidisho. Kemikali hizo huvifikia vinasaba na kuvikata au kuvibadili.

Mwaka 2006, watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walieleza kuwa katika panya, vinasaba vya thairoidi hubadilika vyenyewe mara nyingi zaidi kuliko vile vya ini. Seli iliyobadilika huweza kuanza kuzaliana bila kufuata amri ya mwili, na kundi la seli hizo ndilo linalokuwa kinundu.

Upungufu wa madini joto huzidisha hali hiyo. Homoni zinapopungua, tezi iliyo chini ya ubongo huihimiza thairoidi ifanye kazi zaidi. Seli huongezeka na tezi huvimba, na huo ndio ugonjwa wa rovu. Miaka ikipita, rovu lililokuwa laini hujaa vinundu.

Katika saratani ya papilari, iliyo ya kawaida zaidi miongoni mwa saratani za tezi hii, watafiti wamekuta kimeng'enya kiitwacho NOX4, ambacho huzalisha kemikali hizo ndani ya seli, kikiwa kingi kuliko kawaida. Lakini hilo peke yake halithibitishi kuwa kemikali hizo ndizo zilizoanzisha ugonjwa, kwani seli za saratani nazo huzizalisha.

Funzo kutoka Congo

Mfano ulio wazi wa tezi kukosa ulinzi ulipatikana barani Afrika. Katika eneo la Karawa, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, watoto wengi walizaliwa wakiwa na upungufu mkubwa wa homoni za thairoidi, wakadumaa mwili na akili.

Chakula chao kilikosa madini joto. Muhogo usiotayarishwa vyema uliongeza tatizo, kwa kuwa huacha mwilini kemikali inayozuia iodini kuingia katika tezi. Mwaka 1990, watafiti walieleza kuwa wakazi wa huko walikosa pia seleniamu. Kwa hiyo tezi zao zilihimizwa kufanya kazi kupita kiasi huku zikiwa na ulinzi hafifu, na kwa baadhi ya watoto tezi iliharibika na kusinyaa.

Ilidhaniwa kuwa vidonge vya seleniamu vingesaidia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalikuwa kinyume: waliopewa seleniamu bila iodini walizidi kupungukiwa na homoni. Sababu ni kwamba mwili huhitaji seleniamu pia katika kuzitumia na kuzivunja homoni hizo, hivyo akiba ndogo iliyokuwapo iliisha upesi.

Mionzi ya Chernobyl

Chanzo cha saratani ya thairoidi kinachofahamika zaidi ni mionzi, hasa utotoni. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, iodini yenye mionzi ilianguka malishoni, ikaingia katika maziwa, na watoto wakayanywa. Sehemu nyingi za huko zilikuwa na upungufu wa iodini, kwa hiyo tezi za watoto ziliivuta kwa wingi zaidi.

Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi ilieleza mwaka 2018 kuwa, kati ya mwaka 1991 na 2015, watu wapatao 20,000 waliokuwa chini ya umri wa miaka 18 wakati wa ajali hiyo walipata saratani ya thairoidi. Takriban robo yao ilihusishwa na mionzi.

Mwaka 2015, watafiti nchini Ufaransa walionyesha kuwa seli za thairoidi zilizopigwa mionzi huendelea kuzalisha haidrojeni peroksaidi siku kadhaa baadaye. Hivyo jeraha huendelea hata baada ya mionzi yenyewe kukoma.

Si kila kinundu ni saratani

Katika kila vinundu 100 vinavyochunguzwa, vilivyo vya saratani kwa kawaida huwa kati ya 5 na 10. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume. Wagonjwa wengi wa saratani ya papilari hupona wakitibiwa mapema.

Hofu nayo ina gharama. Nchini Korea Kusini, baada ya watu wengi wenye afya kupimwa shingo kwa mashine ya ultrasaundi, idadi ya waliogunduliwa kuwa na saratani hiyo mwaka 2011 ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993. Idadi ya vifo haikubadilika. Maelfu ya watu waliondolewa tezi, na wengi wao hulazimika kumeza vidonge vya homoni maisha yao yote.

La kufanya

Madaktari hushauri mtu asichelewe kwenda hospitali iwapo uvimbe wa shingo unakua haraka, sauti imekwaruza kwa wiki kadhaa, kumeza au kupumua kumekuwa kwa shida, au iwapo aliwahi kutibiwa kwa mionzi shingoni utotoni. Vipimo vya kawaida ni damu, ultrasaundi, na kuchukua chembe za uvimbe kwa sindano nyembamba.

Ama kuhusu vidonge vinavyouzwa kwa madai ya kuzima kemikali hizo na kuzuia saratani, kisa cha Karawa ni onyo. Nchini Finland pia, matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kuwa wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Kinga ya rovu iliyo rahisi zaidi ingali chumvi yenye madini joto, kwa kiasi cha kawaida cha mapishi. Iodini ikizidi mno nayo huivuruga tezi, kwa hiyo vidonge vyake visimezwe pasipo ushauri wa daktari.