Kabla ya Kuandika Jina la Chuo, Uliza Utalala Wapi

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita anapochagua chuo kikuu, fikra zake zote huwa juu ya kozi, alama na karo. Mzazi naye huuliza nauli. Ni nadra kumsikia yeyote akiuliza habari za kitanda, ilhali mwanafunzi wa miaka mitatu au minne atakitumia kitanda hicho kwa muda mrefu kuliko atakavyokaa katika ukumbi wowote wa mihadhara. Makala haya yanakualika uitazame historia ya mahali pa kulala, na mfano wetu ni Chuo Kikuu cha Busitema, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya.

Kwanza neno lenyewe. Kamusi za zamani zinaeleza kuwa bweni lilikuwa nyumba ya kulala vijana ambao hawajaoa. Shule zilipokuja zikalichukua neno hilo, na baadhi ya watu wakapendelea dahalia, lenye asili ya Kiarabu, linalobeba maana ya kuwa ndani. Zingatia tofauti: bweni la asili lilikuwa la vijana wachache wa mtaa mmoja, waliokulia hewa na maji ya aina moja. Bweni la chuo hukusanya watu kutoka kila pembe, na hapo ndipo swali la afya linapoanza.

Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007, lakini hakikujengwa upya chote. Makao yake makuu, kando ya barabara kuu ya kutoka Jinja kwenda Tororo, yalikuwa chuo cha mitambo ya kilimo. Kampasi ya Nagongera ilikuwa chuo cha walimu. Namasagali, kule Kamuli, ilikuwa kwanza bandari ya reli kwenye Mto Nile, kisha ikawa shule. Kwa hiyo ukiambiwa unajiunga na chuo kikuu kichanga, kumbuka kwamba huenda ukalala katika jengo lenye umri mkubwa kukuliko, lililopangiwa watu wa idadi nyingine na kazi nyingine. Urithi wa aina hii si aibu. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vilizaliwa hivyo. Lakini mrithi mwenye busara huikagua nyumba kabla ya kuhamia.

Sasa tuje kwenye mbu. Eneo la Tororo lina sifa ambayo hakuna wilaya ingeitamani. Watafiti waliowahesabu mbu huko mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara moja kila usiku. Nagongera ikawa mojawapo ya vituo vinavyojulikana sana katika utafiti wa malaria barani. Kisha vyandarua vikagawiwa bure, na kuanzia mwishoni mwa 2014 kuta za nyumba za Tororo zikaanza kupuliziwa dawa. Matokeo yalishangaza: katika miaka michache, kuumwa na mbu wenye vimelea kulishuka Nagongera hadi chini ya mara moja kwa mwaka.

Lakini ugonjwa ulirudi. Baada ya dawa ya kuta kubadilishwa mwaka 2020, wagonjwa waliongezeka tena Tororo, hata pale ambapo upuliziaji uliendelea. Tena kuna jambo ambalo ramani ya chuo haikuonyeshi. Wilaya ya Busia ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, na mpaka huo wa kiutawala ukaja kuwa mpaka wa kinga pia: Tororo ilipuliziwa dawa, Busia haikupuliziwa. Nagongera iko Tororo; Busitema yenyewe iko Busia. Kampasi mbili za chuo kimoja, chini ya nembo moja, zimekuwa na historia mbili za malaria kwa sababu ya mstari uliochorwa na serikali.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Katika miaka ya 1950 nyumba za Pare na Taveta, kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya, zilipuliziwa dawa na malaria ikapungua sana. Upuliziaji ulisimamishwa mwaka 1959, na taratibu vimelea vikarejea. Anayekuambia kwamba mahali fulani malaria imekwisha, muulize imekwisha tangu lini, na kwa dawa gani.

Wewe uliyekulia Tororo una kinga kiasi mwilini, uliyoilipia kwa homa za utotoni. Mwenzako kutoka Kabale, Kapchorwa au Nairobi hana kinga hiyo, na akipatwa anaweza kuzidiwa haraka. Ndiyo maana nasema swali la bweni ni swali la haki: kitanda kile kile, mbu yule yule, hatari mbili tofauti.

Madirisha nayo yana historia yake, tena ya kuhuzunisha. Mnamo Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliangamia bwenini usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka saba kabla yake, wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto katika bweni la Shauritanga, Kilimanjaro. Dirisha jema, basi, lina wavu wa kuzuia mbu lakini halimzuii mtu kutoka. Wasimamizi wengi hufanya kinyume: wanaweka vyuma kwa kuogopa wezi na kuacha wavu kwa sababu ya gharama. Sioni udhuru wa kutosha kwa hilo.

Hosteli za watu binafsi hazikwepi maswali haya. Zilienea nchini Uganda tangu miaka ya 1990, vyuo vya umma vilipoanza kupokea kwa wingi wanafunzi wanaojilipia na mabweni yakashindwa kuwatosha. Baadhi ni nzuri kuliko mabweni ya chuo. Nyingine zina rangi mpya na choo kimoja kwa watu wengi mno.

Ukienda kuitazama kampasi, usiishie langoni. Omba kuingia chumbani. Tazama kama chandarua kinaweza kufungwa juu ya kitanda cha ghorofa bila kuacha mwanya chini. Uliza kama upuliziaji wa wilaya, pale unapofanyika, hufika mabwenini au huishia kwenye nyumba za wakazi tu. Uliza zahanati hufungwa saa ngapi, na nani ana ufunguo wa mlango wa pili usiku. Na ukiweza, usiende Februari wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa kavu na madimbwi yamekauka. Nenda Juni, mvua za masika zikiwa zimepita na mbu wakiwa wengi, ukazungumze na wanafunzi waliolala pale wiki hiyo.