Siri Mkononi mwa Mgonjwa: Historia ya Kiinimacho katika Huduma za Utengamao na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna kiinimacho, yaani ufundi wa kuyahadaa macho kwa wepesi wa mikono, kilivyotoka katika tuhuma za uchawi Ulaya ya karne ya 16 hadi kuwa zoezi la utengamao katika hospitali za Marekani na Uingereza. Hoja kuu ni kwamba kilichobadilika katika safari hiyo si ufundi wenyewe, bali ni mtu anayeishika siri yake. Kwa kuwa msamiati wa Kiswahili unakiweka kiinimacho jirani na uganga, uchawi na ulaghai, makala yanaonesha kuwa uteuzi wa istilahi ni sehemu ya usalama wa mgonjwa, na yanapendekeza hatua za kuchukuliwa kabla ya zoezi hili kuingizwa katika vituo vya afya vya ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Zoezi moja linatosha kufafanua jambo linalojadiliwa. Mpira mwembamba wa kufungia noti huvishwa kwenye kidole cha shahada na kidole cha kati. Mgonjwa hukunja ngumi, kisha huifungua, na mpira huonekana umeruka hadi kwenye kidole cha pete na kidole kidogo. Siri yake ni nyepesi: wakati wa kukunja ngumi, ncha za vidole vyote vinne huingizwa ndani ya mpira uliovutwa, na mkono unapofunguka mpira hujisogeza wenyewe.

Kwa mtazamaji huo ni mchezo wa sekunde chache. Kwa mtu aliyepatwa na kiharusi ni kazi ya kukunja na kunyoosha vidole, kukadiria nguvu ya kuvuta, kukumbuka mfuatano wa hatua, na kuzungumza huku akimtazama mwenzake usoni. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo angeweza kumtaka mgonjwa huyo afunge na kufungua ngumi mara hamsini bila mchezo wowote. Misuli ingefanya kazi ileile. Hata hivyo, mgonjwa huchoka upesi kurudia jambo asiloliona maana, ilhali anayetaka kumshangaza mjukuu wake atalirudia hata baada ya mtaalamu kuondoka.

Zoezi hilo halihitaji umeme wala mashine. Sarafu, kamba, vikombe na mpira wa kufungia noti hupatikana katika kila soko la Afrika Mashariki. Kwa nchi zenye wataalamu wachache wa utengamao, wepesi huo wa gharama unavutia. Swali ambalo wapangaji wa sera hawana budi kujiuliza ni je, jambo hili likiletwa Kilifi au Shinyanga, litaitwaje, na jina hilo litamfanyia nini mgonjwa? Historia ya kiinimacho inasaidia kulijibu.

2.0 Siri iliyofichuliwa na siri iliyofichwa

Mwaka 1584 Reginald Scot, bwana mmoja wa Kent nchini Uingereza, alichapisha kitabu kiitwacho The Discoverie of Witchcraft. Wakati huo sheria ya mwaka 1563 iliruhusu watu kushtakiwa na kuadhibiwa kwa uchawi. Scot aliona kuwa wengi wa watuhumiwa walikuwa wanawake wazee na maskini, ambao kosa lao lilikuwa kuchukiwa na majirani. Ili kuidhoofisha imani hiyo, alieleza kwa kinaganaga namna michezo ya mipira, sarafu, karata na visu vya bandia inavyofanywa. Mantiki yake ilikuwa kwamba ikiwa jambo linaloonekana kuwa muujiza laweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mikono mepesi, basi mshangao wa mtazamaji si ushahidi wa nguvu za giza. Mfalme James wa Scotland alimpinga waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1597, Daemonologie. Kitabu cha Scot, hata hivyo, kimebaki kuwa miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiingereza yanayofafanua ufundi huo. Kwa maneno mengine, maelezo haya ya kale ya kiinimacho yaliandikwa ili kuwanusuru watu.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Jean-Eugène Robert-Houdin, mwanamazingaombwe mashuhuri wa Paris, katika koloni la Algeria. Kazi yake ilikuwa kupunguza ushawishi wa viongozi wa kidini waliosadikiwa kuwa na karama, kwa kuonesha kwamba Mfaransa ana uwezo mkubwa zaidi. Katika mchezo uliovuma kuliko yote, alimwita jukwaani mwanamume mwenye nguvu na kumtaka anyanyue kisanduku kidogo. Alikinyanyua bila taabu. Kisha Robert-Houdin akatangaza kwamba amemnyang'anya nguvu zake. Mwanamume yule alipojaribu tena, kisanduku hakikutikisika, kwa kuwa sumaku ya umeme iliyofichwa sakafuni ilikuwa imekishika. Habari hizi zinatokana zaidi na kumbukumbu za Robert-Houdin mwenyewe, hivyo zinapaswa kusomwa kwa tahadhari. Yeye huyo huyo aliandika kwamba baadaye wakalimani waliagizwa kuwaeleza wenyeji kuwa miujiza ile ilikuwa ufundi tu. Maelezo hayo yalikuja baada ya hofu kuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Scot na Robert-Houdin walitumia ufundi wa aina moja. Wa kwanza aliitoa siri ili mnyonge asidhuriwe, na wa pili aliificha ili mtawaliwa ajione mnyonge. Hapana shaka kuwa ubaya wala uzuri haukuwa katika kamba au kisanduku. Ulikuwa katika jibu la swali hili: ni nani anayeishika siri, na anaishika dhidi ya nani?

3.0 Siri inaingia hospitalini

Taaluma ya tiba kwa vitendo ilipata chama chake cha kitaifa nchini Marekani mwaka 1917, katika mkutano uliofanyika Clifton Springs, jimbo la New York. Msingi wake ulikuwa kwamba shughuli yenye maana kwa mgonjwa humjenga upya. Useremala, ususi na ufinyanzi vilikuwa miongoni mwa shughuli za mwanzo. Mwaka 1940 daktari wa magonjwa ya akili, Douglas Kelley, alichapisha makala katika jarida la taaluma hiyo akipendekeza kiinimacho kiongezwe katika orodha. Kelley, ambaye miaka michache baadaye alijulikana kwa kuwapima akili viongozi wa Ujerumani waliokuwa wakisubiri kesi huko Nuremberg, alikuwa yeye mwenyewe mwanamazingaombwe. Pendekezo lake lilitofautiana na desturi ya kuwaalika wachezaji waje kuwaburudisha wagonjwa wodini. Mgonjwa ndiye aliyepaswa kuutenda mchezo.

Wazo hilo lilipata mpango rasmi mwaka 1982, pale David Copperfield alipoanzisha Project Magic pamoja na Julie DeJean, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, katika hospitali ya Daniel Freeman, Inglewood, California. Kwa maelezo ya Copperfield, chanzo kilikuwa barua alizoandikiana na kijana mmoja mwanamazingaombwe. Barua zile hazikutaja ulemavu. Ni picha iliyomfahamisha kuwa kijana huyo alitumia kiti cha magurudumu. Katika mpango huo kila mchezo ulichambuliwa kwa hatua zake na kuoanishwa na lengo la tiba: huu kwa vidole, huu kwa kumbukumbu, huu kwa kujiamini katika mazungumzo.

Tukio hilo likilinganishwa na la Algiers, mabadiliko ya kihistoria yanadhihirika. Jukwaani Algiers, kiinimacho kilitumika kumwaminisha mtu mwenye mkono mzima kwamba hana nguvu. Inglewood kilitumika kumwezesha mtu mwenye mkono dhaifu kuutumia. Siri ilihama kutoka kwa mwenye mamlaka hadi kwa mgonjwa.

4.0 London na suala la ushahidi

Nchini Uingereza hatua hiyo ilikabiliwa na ugumu wa pekee. The Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe kilichoanzishwa London mwaka 1905, kina kaulimbiu ya Kilatini inayowakataza wanachama kutoa siri. Hata hivyo, wanachama wake, akiwemo mwanasheria David Owen na mwanamazingaombwe Richard McDougall, walishirikiana na mtaalamu wa tiba kwa vitendo Dido Green kubuni kambi za watoto waliopooza upande mmoja wa mwili, mpango ujulikanao kama Breathe Magic. Mvutano kati ya usiri na tiba haukutatuliwa kwa kuitangaza siri kwa kila mtu. Ulitatuliwa kwa kumpokea mtoto kama mwanagenzi, kisha akakabidhiwa siri, akaitunza na kuitumia mbele ya hadhira.

Msingi wa kitabibu wa kambi hizo si mazingaombwe. Ni mazoezi makali ya kuitumia mikono miwili kwa pamoja, njia iliyoendelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mtoto aliyepooza upande mmoja huzoea kuutegemea mkono mzima na kuusahau mwingine. Michezo iliyochaguliwa haiwezekani kwa mkono mmoja, kwa hiyo mkono uliosahauliwa hulazimika kushiriki. Utafiti wa Green na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha watoto 23 waliofanya mazoezi kwa saa 60 katika muda wa wiki mbili, na ulionesha maendeleo katika matumizi ya mikono miwili. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini watoto 23 ni wachache, na saa 60 ni nyingi. Mshauri wa sera hapaswi kuyasoma kama ruhusa ya kupunguza wataalamu na kuleta wachezaji mahali pao.

Nguvu ya kisaikolojia ya makabidhiano haya si ngeni kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Katika kutegeana vitendawili, mtoto mwenye jibu humshinda mtu mzima asiyelijua, na mtu mzima hulazimika kumpa mji ndipo afumbuliwe. Kwa muda mfupi ngazi ya umri na heshima hupinduliwa kwa ridhaa ya wote. Mtoto mwenye ulemavu, aliyezoea kufanyiwa kila kitu na kuulizwa habari zake kupitia mama yake, hupata nafasi hiyohiyo anapokuwa mtu pekee chumbani ajuaye sarafu imekwenda wapi.

5.0 Jina na hatari yake katika Kiswahili

Kiswahili hutofautisha uchawi, uganga, ramli na kiinimacho. Neno kiinimacho linaliweka tukio katika kiini cha jicho: kilichobadilika ni kuona kwa mtazamaji, si kitu kinachotazamwa. Kwa maana hiyo neno lenyewe lina ufafanuzi aliokuwa akiutafuta Scot. Mazingaombwe ni neno pana zaidi. Hutaja maonesho ya shuleni na viwanjani, lakini katika mazungumzo na magazeti hutumika pia kwa hila za kisiasa na hesabu zisizoeleweka. Katika jamii za Waislamu wa pwani kuna neno sihiri, lenye uzito wa katazo la kidini. Mipaka kati ya maneno haya haishikiliwi kwa usawa na wazungumzaji wote, na mwenye hofu huivuka kirahisi.

Hofu hiyo ina gharama. Wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi Kilifi na katika maeneo ya Usukuma, na watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa imani zinazohusisha viungo vyao na utajiri. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huweza kudhaniwa kuwa amerogwa, au kwamba mama yake amelaaniwa. Mtoto huyohuyo akirudi kijijini akijua kuipoteza sarafu hewani, bila jirani kujua alifundishwa nini na nani, zoezi lililokusudiwa kumrudisha katika jamii laweza kumtenga zaidi.

Sarufi inaonesha mahali pa kuanzia. Katika miundo kama tiba ya mionzi au tiba ya mitishamba, nomino inayofuata kihusishi cha -a hueleweka kuwa ndiyo inayotibu. Kwa hiyo istilahi tiba ya mazingaombwe itasomwa kuwa mazingaombwe yana nguvu ya kuponya, dai ambalo hakuna mtaalamu anayelitoa. Istilahi mazoezi ya kiinimacho inafaa zaidi. Neno kuu ni mazoezi, ambayo mgonjwa huyafanya mwenyewe, na kiinimacho hueleza aina yake.

Uchaguzi huo unaafikiana pia na sheria zilizopo. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 na ile ya Tanganyika ya mwaka 1928, zote zilizotungwa na wakoloni, zinalenga pamoja na mambo mengine mtu anayejidai kuwa na uwezo usio wa kawaida. Anayetamka kwamba huu ni ufundi wa mikono hajidai uwezo huo.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mwaka 2023 azimio la kuimarisha utengamao katika mifumo ya afya, na nchi za ukanda huu zinatafuta njia zinazowezekana kwa rasilimali zilizopo. Mazoezi ya kiinimacho yanaweza kuwa mojawapo, kwa masharti matatu. Kwanza, vyombo vya kusanifu Kiswahili katika nchi husika vikubaliane juu ya istilahi moja kabla ya miongozo kuandikwa, ili Moshi na Mombasa zisitumie majina yanayokinzana. Pili, mzazi au mlezi aoneshwe siri ya kila mchezo kabla mtoto hajaucheza nje ya kituo, na familia inayokataa kwa sababu za kidini ipewe zoezi jingine lenye lengo lilelile. Tatu, majaribio yafanywe na wataalamu wa tiba kwa vitendo wenyewe, kwa vipimo vinavyokubalika, badala ya kutegemea matokeo ya London.

Sharti la pili ndilo zito kuliko yote. Scot alifichua siri ili jirani asimwogope jirani, na miaka zaidi ya mia nne baadaye sababu hiyo haijaisha nguvu. Mgonjwa aliyekabidhiwa siri huimiliki, lakini jamii inayomzunguka lazima ijue kuwa alichokabidhiwa ni ufundi. Pasipo maarifa hayo, mkono uliofunguka kituoni utalazimika kufichwa nyumbani.