Brendan wa Clonfert

Brendan wa Clonfert (takriban 484 – takriban 577), maarufu kama Brendan Baharia, alikuwa padri, mmonaki na abati wa Eire. Tangu kale anaheshimiwa kama mtakatifu, na sikukuu yake huadhimishwa tarehe 16 Mei.

Maisha

Kadiri ya mapokeo, alizaliwa karibu na Tralee, kusini-magharibi mwa Eire. Alilelewa na mtakatifu Ita wa Killeedy, akapewa upadrisho na askofu Erc. Kati ya monasteri alizoanzisha, iliyo maarufu zaidi ni ile ya Clonfert, alipozikwa.

Safari zake za baharini si hadithi tupu. Mwishoni mwa karne ya 7, Adomnán, abati wa Iona, aliandika kwamba Brendan alivuka bahari kwenda Uskoti kumtembelea Kolumba.

Masimulizi ya safari

Kitabu cha Kilatini "Navigatio Sancti Brendani Abbatis" kiliandikwa karne mbili au zaidi baada ya kifo chake, na mwandishi wake hajulikani. Zaidi ya nakala 100 za mkono zimehifadhiwa hadi leo.

Kinasimulia jinsi Brendan na wamonaki wenzake walivyounda mashua ya mbao iliyofunikwa kwa ngozi za ng'ombe, wakasafiri miaka saba kuitafuta Nchi ya Ahadi ya Watakatifu. Waliadhimisha Pasaka juu ya mgongo wa samaki mkubwa, Jasconius, wakidhani ni kisiwa. Waliona pia nguzo ya kioo baharini, na kisiwa ambacho wahunzi wake waliwarushia madonge ya moto. Baadhi ya wasomaji wanaona humo siwa barafu na volkeno za Iceland.

Je, alifika Amerika?

Miaka ya 1976–1977 Tim Severin alisafiri kwa mashua ya ngozi ya namna hiyo kutoka Eire hadi Newfoundland, Kanada. Alithibitisha kwamba safari iliwezekana, lakini si kwamba ilifanyika. Mwaka 825 mmonaki Dicuil aliandika juu ya wamonaki waliokaa katika kisiwa ambacho wataalamu wanakitambua kuwa Iceland. Huko Amerika, kinyume chake, hayajapatikana mabaki yoyote ya hakika ya wamonaki hao.

Kitabu chenyewe hakikukusudiwa kuwa ramani: safari yake inafuata mzunguko wa sikukuu za Kanisa, kama mfano wa maisha ya mmonaki anayemtafuta Mungu.